Umerudi Ujerumani Januari: Homa, Ukungu Ukutani na Usingizi

SWALI: Wiki tatu sasa tangu turudi Hamburg kutoka Muheza, tulikokaa mwezi mzima. Tangu juzi mume wangu ana homa, kichwa kinamgonga na viungo vinauma. Anasema ni mafua tu, maana kazini kwao kila mtu anakohoa. Ana dawa mseto aliyonunua Tanga. Aimeze?
Msomaji, Hamburg

JIBU: Asimeze, dada. Apimwe kwanza, na apimwe leo hii. Malaria ya falsiparum, aina iliyo hatari zaidi, ambayo ndiyo imetawala Tanga, huweza kuanza siku ya saba tangu mtu aumwe na mbu. Wengi huugua ndani ya mwezi wa kwanza baada ya safari, lakini hata baada ya miezi mitatu si ajabu. Januari inawapotosha watu kwa sababu dalili za mwanzo zinafanana mno na za mafua: homa, baridi, uchovu, hata kikohozi.

Kinachowaponza wengi ni kujiona wenyeji wa malaria. Kinga aliyojengewa na kuumwa mara kwa mara utotoni hupungua mtu akikaa Ulaya miaka, na watoto waliozaliwa huko hawanayo kabisa. Ugonjwa ambao zamani ulimlaza siku mbili sasa unaweza kumfikisha chumba cha wagonjwa mahututi.

Daktari wa mtaani mara nyingi hapati majibu ya damu siku hiyo hiyo, kwa hiyo nendeni hospitali yenye idara ya dharura. Msingoje kuulizwa mlikotoka. Semeni mlangoni: „Ich war in Tansania, ich habe Fieber, bitte auf Malaria testen“ (nilikuwa Tanzania, nina homa, tafadhali nipimeni malaria). Kipimo kikitoka hasi na homa ikaendelea, kirudiwe ndani ya siku moja au mbili, kwa kuwa vimelea huwa vichache mwanzoni. Homa ikishuka kwa paracetamol isiwatulize. Dawa hiyo haigusi vimelea. Akianza kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida au macho kuwa ya manjano, pigeni 112.

Kama mlipewa vidonge vya kinga, angalieni vilimalizwa lini. Atovakoni na proguanili humezwa siku 7 zaidi baada ya kutoka eneo la malaria, doksisaiklini wiki 4. Wengi huacha siku ya kupanda ndege.

SWALI: Nilizima hita zote kabla ya safari ili kupunguza gharama. Nimerudi nikakuta madoa meusi nyuma ya kabati la nguo. Nipake rangi juu yake?
Msomaji, Bremen

JIBU: Rangi itaficha ukungu wiki chache, kisha utatokeza tena. Ukuta wa nje ukipoa sana, mvuke wa hewani hugeuka maji juu yake, hasa nyuma ya kabati ambako hewa haipiti.

Doa likiwa chini ya nusu mita ya mraba, vaa glavu, fungua dirisha, ulifute kwa spiriti ya asilimia 70 hadi 80, mbali na moto na sigara. Usitumie siki kwenye ukuta wa plasta: chokaa huizimua, na mabaki yake hulisha ukungu. Doa likizidi hapo, piga picha umwandikie mwenye nyumba mara moja. Kabati lisogeze sentimita 10 kutoka ukutani.

Kisha washa hita kwa kiasi, kila siku. Kwenye kitasa cha hita, namba 3 hutoa nyuzi 20 hivi, namba 2 nyuzi 16. Kuiweka 5 hakuharakishi joto. Hita haitasimama tu hadi chumba kifike nyuzi 28. Mara mbili au tatu kwa siku funga hita, ufungue madirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10, kisha ufunge. Dirisha lililoachwa nusu wazi kutwa hupoza ukuta tu. Ukichemsha maharage, funga mlango wa jikoni. Safari ijayo acha hita kwenye 2.

SWALI: Naamka saa 10 alfajiri na mchana sina nguvu. Ni ile tofauti ya saa?
Msomaji, Berlin

JIBU: Kuamka huko, ndiyo. Tofauti ni saa mbili, na kwa kawaida mwili huizoea ndani ya siku chache. Uchovu unaobaki huletwa zaidi na giza: mapema Januari jua la Berlin huchomoza saa 2 na robo asubuhi na kuzama saa 10 jioni. Toka nje nusu saa kabla ya saa 8 mchana, hata kukiwa na mawingu. Taa ya luksi 10,000 (kipimo cha mwanga) kwa nusu saa asubuhi husaidia, ila mwenye ugonjwa wa macho amuulize daktari kwanza. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huko halitoshi kwa vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji mwanga zaidi. Mikrogramu 20 kwa siku zinatosha watu wazima wengi. Huzuni ikipita wiki mbili, mwone daktari wako.

SWALI: Mama anataka kunifungia dagaa, samli na maembe safari ijayo. Vinapita?
Msomaji, Köln

JIBU: Dagaa wakavu wanapita, mradi samaki wote wasizidi kilo 20. Samli na nyama ya aina yoyote hapana. Maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi na tende hazihitaji.