Kwa nini hesabu yetu ya simba haina namba moja

Mwanangu Zainabu,

Salamu nyingi kutoka Katunguru, huku kwetu kwenye mbuga ya Queen Elizabeth, Uganda. Sisi huku wazima, ila baba yako na goti lake bado hawajapatana. Ujumbe wako niliupata, na sikutaka kuujibu kwa simu. Umeuliza inakuwaje sisi tunaolipwa kuhesabu simba tunaandika kwamba idadi yao iko kati ya hii na ile, wakati wewe mhasibu ukimpelekea bosi wako taarifa ya namna hiyo utafukuzwa kabla ya chai ya saa nne.

Fedha hukaa pale zilipowekwa, au ndivyo tunavyoomba. Simba hakai. Mchana kutwa amejilaza kichakani, rangi yake ni ya nyasi zile zile, na gari linaweza kupita karibu naye asijisumbue hata kuinua sikio. Kwa hiyo kila tunapotoka tunajua wapo waliotuona sisi, nasi hatukuwaona. Kazi yenyewe ni kuwakadiria hao.

Tunaanzia usoni. Mtazame simba shavuni: juu ya safu za sharubu kuna vidoa vichache vyeusi. Mpangilio wake hutofautiana baina ya simba na simba, nao haubadiliki mpaka anakufa. Shavu la kushoto lina mpangilio wake na la kulia wake, hivyo picha ya upande mmoja haitoshi. Hapo ndipo muda unapokwenda. Umezima injini, jua linachoma bati la gari, kamera umeielekeza kwenye shavu, naye bibi simba anapiga miayo, analamba kiganja, kisha anakugeuzia mgongo. Unangoja. Chui tunawafungia kamera mbili zinazotazamana, moja kila upande wa njia, maana mabaka ya ubavu huu si ya ule. Fisi wana vituko vyao, nitakuandikia siku nyingine.

Sasa tuje kwenye namba. Tukirudi eneo lile lile tena na tena, tukakutana na sura zile zile, tunajua waliobaki bila kuonekana ni wachache. Kila safari ikileta sura mpya, basi wengi bado wamejificha. Tunaandika pia njia gari lilikopita na mahali kila simba alipoonekana, ili tujue anazunguka umbali gani. Bila hivyo dume mmoja mtembezi anaweza kulijaza eneo zima peke yake. Wakaguzi wenu hawafungui kila risiti, wanachukua baadhi na kupima makosa yaliyobaki. Nasi ni hivyo hivyo, ila makosa yetu tunayaandika waziwazi. Ipo njia nyingine, ya kupiga kwa kipaza sauti mlio wa ndama wa nyati anayekufa, kisha kuhesabu wanaokuja. Inasaidia, lakini aliyeshiba haji, na aliyekwisha kudanganywa jana naye haji. Mimi namba moja inayojiamini mno ndiyo inayonitia wasiwasi.

Utaniuliza basi ina faida gani. Aprili 2018 simba 11 walikufa kwa sumu hapa kijijini Hamukungu, majike 3 na watoto 8. Machi 2021 wakakutwa 6 wamekufa Ishasha, upande wa kusini wa mbuga, vichwa na nyayo vimekatwa. Kama hujui walikuwapo wangapi, utabaki kulia tu. Huwezi kusema kama pigo hilo linazibika. Na jumla peke yake haitoshi, mwanangu. Utafiti uliofanywa humu Queen Elizabeth mwaka 2017 na 2018 ulionyesha kwamba majike wamekuwa wachache kuliko madume, ilhali zamani kila dume lilikuwa na majike zaidi ya mawili, na simba sasa wanatembea mbali sana kuliko miaka kumi nyuma. Ukilijua hilo, hutashangaa ya Februari 2024: yule simba Jacob wa miguu mitatu, aliyepoteza mguu mtegoni, na ndugu yake Tibu walivuka kwa kuogelea usiku Mfereji wa Kazinga, zaidi ya kilomita moja ya maji yenye viboko na mamba, droni ikiwapiga picha kwa joto la miili yao. Majaribio ya kwanza walirudi nyuma. Watafiti walisema huenda walikuwa wanatafuta majike. Watalii walishangilia, mimi nilifikiria huo uhaba wa majike.

Nusu ya kazi yangu siku hizi iko kwa wafugaji, si kwa simba. Mtu aliyeamka akakuta ng'ombe wake wawili wameliwa haulizi msongamano wa simba kwa kilomita mraba. Anauliza nani atalipa, na asipojibiwa, sumu kwenye mzoga ni rahisi, nayo huua fisi na tai pia. Asilimia 20 ya viingilio vya mbuga hurudi kwa jamii za jirani, lakini darasa jipya la shule halimrudishii mtu ng'ombe wake. Kwa hilo sina la kubishana nao. Ninachofanya ni kuwahi kufika, kuangalia alama za meno shingoni, na kusema ukweli kama ni simba, fisi au mbwa wa kijijini.

Desemba mlete wajukuu. Usiwaahidi simba. Waahidi viboko, hao wapo kila siku, na mwambie mkubwa aje na daftari, kazi nitampa.

Mama yako