Wanafunzi wangu wa Ujerumani wananiuliza nitarudi lini

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 23 kutoka Morogoro. Tangu Septemba iliyopita ninajitolea katika shule ya msingi kwenye mji mdogo wa jimbo la Baden-Württemberg, Ujerumani, ambako ninawasaidia watoto wa darasa la kwanza kusoma na kuwaangalia wale wanaobaki shuleni hadi alasiri. Shule itafungwa mwishoni mwa Julai, nami nitarejea nyumbani wiki mbili baadaye. Watoto wameanza kuniuliza nitarudi lini, na juzi nilijikuta nikiwajibu, "Mwakani, Mungu akipenda," ilhali sina hakika hata kidogo. Mvulana mmoja, ambaye hakuwa akibanduka ubavuni mwangu wakati wa kusoma, amenisusa tangu aliposikia kwamba ninaondoka. Niwaage vipi bila kuwaumiza? Na je, ni vibaya kuwaachia namba yangu ya simu?

Mwalimu wa Muda, Ujerumani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo "mwakani", kwa kuwa ndilo lililonikosesha raha nilipoisoma barua yako. Mtu mzima wa kwetu akisikia "Mungu akipenda" anaelewa kwamba jambo lenyewe huenda likawa na huenda lisiwe, lakini mtoto wa miaka saba, tena aliyeambiwa kwa Kijerumani, atashika "mwakani" na kuliacha hilo jingine. Kabla ya kuishika kalamu hii nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na tulikuwa tukiwapokea vijana wa kujitolea kutoka Ulaya. Mmoja wao, kijana mwema na mchapakazi, aliwaahidi darasa la tatu kwamba angerudi mwaka uliofuata, na ninaamini kwamba alikuwa akisema kweli ya moyo wake. Hakurudi. Aliyebaki kuulizwa "Mwalimu, yule atakuja lini?" nilikuwa mimi, muhula baada ya muhula, hadi nikaanza kumkasirikia kwa neno alilolisema kwa upendo. Leo wewe umesimama mahali pake, na mwalimu wa darasa lako ndiye atakayeulizwa.

Isitoshe, kurudi hakumo mikononi mwako. Vijana wetu wengi wanaojitolea huko huingia kwa utaratibu wa utumishi wa hiari ambao serikali ya Ujerumani iliuanzisha mwaka 2011, iliposimamisha ulazima wa kwenda jeshini; utumishi huo kwa kawaida huchukua miezi 12, na kibali cha kuishi nchini hutolewa kwa ajili yake. Kwa hiyo irekebishe kauli yako wiki hii, usingoje siku ya mwisho. Waambie kwamba ulisema mwakani kwa sababu ungependa iwe hivyo, ila ukweli ni kwamba hujui, kisha uwaonyeshe kwenye kalenda ya darasa siku yako ya mwisho ni ipi. Watahuzunika, na wana haki ya kuhuzunika. Huwezi kuagana nao bila kuwaumiza hata kidogo, na sidhani kama ungefurahi iwapo ingewezekana.

Lipo jambo ambalo vijana wengi wanaojitolea hawalifikirii. Siku ya kufunga shule itakuwa na keki, nyimbo na ripoti za mwaka, na watoto watakuwa wakiiwazia likizo. Wale wa darasa la nne, ambao katika jimbo hilo ndio wanaomaliza shule ya msingi, watakuwa wakiagana wao kwa wao kabla ya kutawanyika katika shule mbalimbali za sekondari. Wako wa darasa la kwanza watarudi Septemba, baada ya wiki sita hivi, na asubuhi ile ndipo watakapokikuta kiti chako kitupu. Basi andika barua fupi kwa darasa zima, umkabidhi mwalimu wao, naye awasomee katika wiki ya kwanza ya mwaka mpya. Ukiweza, tuma na kadi moja kutoka Morogoro, yenye picha ya milima ya Uluguru, kupitia anwani ya shule.

Mvulana aliyekususa anaaga kwa namna anayoiweza. Usimbembeleze mbele ya wenzake, wala usimwite pembeni kumdai sababu. Endelea kukaa palepale mlipokuwa mkisomea, saa ileile, na kitabu mlichokiachia njiani kiwe mbele yako. Huenda akaja, huenda asije. Asipokuja, mtaje katika ile barua, kwa jambo dogo alilolifanya vizuri, kama utakavyowataja na wenzake.

Namba ya simu usiwape watoto. Mawasiliano na mtoto wa watu yapitie kwa mzazi au kwa mwalimu, na ndivyo ilivyo hata hapa kwetu, ingawa hatuzingatii sana. Picha nazo zina masharti, kwani huko usirushe mtandaoni picha ya mtoto bila idhini ya wazazi wake. Yale madaftari ya urafiki ambayo watoto wa Kijerumani hupeana kujazwa, yakikufikia, yajaze yote kwa utulivu, hata yakiwa ishirini. Usimjazie mmoja ukurasa mzima na mwingine mstari mmoja, maana watalinganisha.

Kuhusu zawadi hukuuliza, lakini sitajizuia. Kama ulisafiri na doti ya kanga, ikate, kipande kimoja ukiache darasani na cha pili urudi nacho, kisha uwaeleze watoto kwamba pacha wa kile walicho nacho yuko kwako. Ila lisome kwanza jina lake. Watoto hawatalielewa, lakini anaweza kuja Mtanzania mwingine baada yako akaukuta ukuta wa darasa la kwanza umepambwa kwa kijembe cha mke mwenza.