Hukuisoma vibaya, uliisoma ukiwa wewe

Umeuliza kwa nini riwaya iliyomliza rafiki yako imekukera hadi ukaifunga katikati, na kama kosa ni lako. Sioni kosa hapo, ndugu yangu. Kila msomaji huingia kitabuni na maisha yake.

Mwangalie Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria. Alisimulia kwamba utotoni, akisoma hadithi za wazungu waliosafiri Afrika, alikuwa upande wa wazungu dhidi ya "washenzi". Baadaye akatambua kwamba hayumo kwenye mashua ya wazungu inayopanda mto wa Afrika katika Heart of Darkness, riwaya ya mwandishi Joseph Conrad. Yumo miongoni mwa wale Waafrika wanaorukaruka ukingoni. Kitabu hakikubadilika hata herufi moja! Mwaka 1975, katika mhadhara nchini Marekani, akamwita Conrad mbaguzi wa rangi, na ubishi huo unaendelea hadi leo.

Mimi niliwahi kusoma riwaya ngumu ambamo mama anamwacha mwanawe mlangoni na kuondoka. Nikiwa kijana nilimhukumu papo hapo. Nilipoirudia nikiwa mzazi, nilikwama kwenye sentensi moja: anamfunga mtoto kifungo cha shati, anakifungua, anakifunga tena. Mara ya kwanza sikuiona kabisa.

Ila tusiseme dini, jinsia au kabila huamua kila kitu. Ndugu wa tumbo moja nao hubishana juu ya ukurasa uleule. Muulize rafiki yako ni ukurasa upi hasa uliomliza, kisha umwoneshe ule uliokukera wewe.