Mwalimu, Nimeambiwa Mtoto Anahitaji ABA

Tangu nigusie suala la usonji, hali ambayo mtoto anakua tofauti katika kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, simu yangu haitulii. Wengi mnauliza jambo lile lile kwa sauti tofauti, kwa hiyo nimechagua machache.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka minne, hasemi. Tulimpeleka Dar es Salaam, daktari akasema ni usonji na anahitaji ABA. Hiyo ni dawa gani, na inauzwa wapi? (Mama, Kibirizi)

Marahaba mama. Huipati duka la dawa. ABA ni kifupi cha jina la Kiingereza, sisi tuseme uchambuzi wa tabia. Ni namna ya kumfundisha mtoto kwa kuangalia mambo matatu: kilichotangulia, alichofanya, na alichokipata baada ya kukifanya.

Wewe uko mwaloni, tuchukue mfano wa huko huko. Kila asubuhi mitumbwi ya dagaa ikiingia, mtoto anajitupa mchangani na kupiga mayowe. Majirani wanasema ana kiburi, wengine wanasema karogwa. Mchambuzi wa tabia anauliza: dakika moja kabla kulikuwa na nini? Injini, wachuuzi wanagombea bei, jua linamulika maji. Na baada ya kujitupa? Mama akambeba, akamrudisha nyumbani penye utulivu. Basi kule kujitupa ndiyo sentensi yake: "Niondoeni hapa." Imemsaidia leo, kesho ataitumia tena. Kazi yenu ni kumpa sentensi nyepesi zaidi, mathalani kukuvuta kitenge au kukuonyesha picha ya nyumba yenu. Akikuvuta kitenge, ondoka naye pale pale. Ukimwambia "ngoja nimalize kupima dagaa", umemfundisha kwamba mayowe ndiyo yanayosikika.

Nimeambiwa nimpe zawadi kila akifanya vizuri. Si ndiyo namzoesha rushwa? (Baba, Ujiji)

Swali limenichekesha, lakini ni la maana. Mtoto akilia dukani ukamwambia "nyamaza nikupe pipi", hapo umenunua kelele, na kesho bei itapanda. Zawadi ya mafunzo inakuja baada ya tendo ulilokuwa unalifundisha, ndani ya sekunde chache, pamoja na neno: "Umevaa kandambili mwenyewe!" Wala si lazima iwe pipi. Kuna mtoto ambaye kwake kuachiwa achezee maji kwenye beseni ni zaidi ya soda. Akishazoea, unapunguza kidogo kidogo, mpaka kutoka nje kucheza kuwe ndiyo faida ya kuvaa kandambili.

Mjukuu wangu anajigonga kichwa ukutani. Baba yake anamchapa ili aache. Nikimkataza anasema hata Wazungu walioanzisha tiba hii walichapa watoto. (Bibi, Kasulu)

Shikamoo bibi. Hajadanganya. Miaka ya 1960 huko Los Angeles, Ivar Lovaas, mmoja wa waliotangulia katika kazi hii, aliwapiga watoto makofi na hata kuwashtua kwa umeme. Sehemu hiyo ya historia ni ya kuonea aibu, si ya kuigwa.

Kabla ya kuzungumza tabia, mpelekeni hospitali wamwangalie masikio na meno. Mtoto asiyesema hawezi kukuambia sikio linamwuma, ila anaweza kuligonga. Akiwa mzima, mwangalieni siku chache na kuandika: anajigonga akipewa kazi ngumu, akiachwa peke yake, au pakiwa na kelele? Kila jibu lina dawa yake. Fimbo haimfundishi njia nyingine ya kusema, na akijigonga ukutani msisubiri: wekeni mto au mkono katikati. Akijiumiza au akizidi, rudini kwa daktari upesi.

Nimesoma kwamba watu wazima wenye usonji wanaipinga ABA. Nimwamini nani? (Shangazi, Mwanga)

Wasikilize. Wengi wao wanasimulia utoto wa kulazimishwa kutulia, kuacha kupunga mikono, kumtazama mtu machoni, wafanane tu na wenzao. Hili la macho linanishangaza likiletwa kwetu kama lilivyo. Hapa mtoto anayemkazia mzee macho anaambiwa hana adabu! Kupunga mikono hakumdhuru mtu, mwacheni apunge. Mimi nina kipimo kimoja: hicho anachofundishwa kinamsaidia nani? Kuomba maji, kwenda chooni, kukataa asichotaka, kutokimbilia barabarani, hayo ni yake. Na mtaalamu asiyekuruhusu kukaa chumbani akiwa na mtoto wako, mkimbie.

Nasikia ni saa 40 kwa wiki. Nafanya kazi chumvini, nitazitoa wapi? (Baba, Uvinza)

Hesabu hiyo ilitokana na utafiti wa Lovaas wa mwaka 1987. Watoto 19 walifundishwa saa 40 kwa wiki, na 9 kati yao wakahesabiwa kufikia kiwango cha kawaida cha akili na darasa la kwanza. Lakini watoto hawakugawanywa katika makundi kwa kura, na watafiti wengine wamebishana na matokeo hayo tangu hapo. Usikope fedha kwa ajili ya saa. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na mazoezi yake hufanywa wakati wa kula, kuoga na kucheza. Mwulize afisa ustawi wa jamii, au mwalimu wa elimu maalumu aliye karibu nawe.

Ni chanjo iliyomfanya hivi? (Mama, Kakonko)

Hapana. Makala iliyoanzisha uvumi huo ilitoka mwaka 1998, na mwaka 2010 jarida lililoichapisha likaifuta. Mpeleke mdogo wake akachanjwe.

Nataka kuanza leo jioni. Nianze na nini? (Mama, Katubuka)

Chagua kitu kimoja anachokipenda sana, tuseme embe. Likate, liweke kwenye chombo anachoweza kukiona ila hawezi kukifungua. Kaa karibu, nyamaza, hesabu moja hadi kumi moyoni. Akikugusa mkono, akinyoosha kidole, au akitoa sauti yoyote, sema "embe" na umpe kipande kidogo papo hapo. Asipofanya kitu, uongoze mkono wake taratibu, kisha mpe. Akiuvuta mkono wake, mwachie, ukajaribu tena baadaye. Fanya mara tano, kisha mwachie chombo kizima. Andika kwenye daftari: leo ameomba mwenyewe mara ngapi.