Ng'ombe wakihama, daftari linabaki wapi? Mnauliza, tunajibu

*Habari za kazi dada. Mi ni mwalimu huku Handeni, shule yetu ina watoto wengi wa Kiparakuyo, wale wafugaji ndugu zao Wamasai. Januari darasa linajaa mpaka wengine wanakaa chini, masika yakipita tu, kuanzia mwezi wa saba kiangazi kikikaza, ng'ombe wanapelekwa mbali kutafuta maji na wanafunzi wangu nao hawaonekani tena, wanarudi vuli ikishanyesha, sie huku tunakaribia kufunga shule. Mtendaji katishia wazazi mpaka kachoka mwenyewe. Nasikia Kenya kuna shule zinahama na ngamia, kwanini na huku tusiwe nazo? – Mwalimu wa Kabuku*

Mwalimu pole, ila kabla hujaomba ngamia nikuulize, hao watoto wako ni nani hasa anaehama? Maana mi nimekaa na hawa watu, na wengi wa Handeni, Kilindi na Chalinze sio watu wa kung'oa boma zima na kuondoka. Wanaoenda ronjo, ile kambi ya muda ya kiangazi, ni vijana na kundi kubwa. Kina mama, wazee na watoto wadogo wengi wanabaki bomani na ng'ombe wachache wa maziwa. Sasa mtoto wa darasa la pili kabaki bomani, kwanini haji? Kwa sababu kaka zake wameondoka na kazi ya ndama na mbuzi imemuangukia yeye! Hapo shule ya kuhama haikusaidii kitu, itamfuata morani porini wakati mwanafunzi wako yuko kilomita chache tu kutoka shuleni anaswaga mbuzi.

Kenya wana baraza lao kabisa la elimu ya wahamaji, NACONEK, na Nigeria walianzisha tume yao 1989, sikatai, ila kule kaskazini mwa Kenya kuna familia nzima zinahama na kila kitu mgongoni mwa ngamia. Kwetu ishu ni ndama.

Kwahiyo fanya hivi, muache mtendaji nyumbani kwanza. Najua Sheria ya Elimu ya 1978 inaruhusu mzazi ashtakiwe, lakini mzazi akiona pikipiki ya mtendaji watoto wote wanaingia kichakani, utafundisha nani? Nenda kwa laigwanani, kiongozi wao wa mila, kaa chini, kunywa chai ya maziwa hata kama umeshiba, na umuombe jambo moja tu: maboma yanayokaribiana yachunge ndama kwa zamu, kijana mmoja aliyekwisha maliza shule anachunga za maboma matatu mpaka saa nane, watoto wakitoka darasani wanapokea. Laigwanani akisema, imesemwa. Na wale wachache wanaohama kweli na wazazi wao, kabla hawajaondoka mpe mzazi namba ya PREM ya mtoto, ile ya mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, kwenye karatasi, mwambie aitunze kama kadi ya kliniki, kule anakofikia mwalimu mkuu anamuhamisha kwenye mfumo, sio mtoto anaonekana mtoro kwako na mgeni asiejulikana kule.

Kama umbali nao ni tatizo (na mvua zikinyesha vijito vyenu vya huko sio vya mchezo) kijiji kiombe shule shikizi, madarasa ya chini tu karibu na maboma afu miguu ikikomaa waje kwako. Kwenye yale madarasa 15,000 ya fedha za Uviko 2021, 3,000 yalikuwa ya vituo shikizi, kwahiyo usiambiwe ni ndoto. Ila msijenge kabla hamjajua maji yanatoka wapi na mwalimu atalala wapi, nimeona darasa zuri la bati jipya limegeuka kivuli cha mbuzi.

*Shikamoo dada, mie ni mama niko upande wa Chalinze, naandikiwa na binti ya jirani. Kijana wangu ana miaka 12 hajawahi kusoma alikuwa na mifugo, sasa ng'ombe wameisha na anataka shule. Nilimpeleka wakasema mkubwa sana kwa la kwanza, wakamcheka na Kiswahili chake. Ndio basi tena?*

Marahaba mama yangu, wala sio basi. Rudi hapohapo ukaulizie MEMKWA, ule mpango wa walioikosa elimu ya msingi. Chini ya miaka 14 anawekwa kundi la kwanza, anakimbizwa masomo ya mwanzo, anafanya upimaji wa darasa la nne na akifaulu anaingia la tano na wenzake, wa 14 mpaka 18 wana kundi lao la pili. Kama shule hiyo haina darasa la MEMKWA muone afisa elimu kata akuelekeze iliyo nayo. Ada hakuna, elimu msingi ni bure toka 2016, ila jipange kwa sare na madaftari, na michango ya chakula ukiambiwa uliza ilipitishwa kikao gani. Kuhusu Kiswahili, hao waliomcheka wangepelekwa wao bomani waambiwe waseme Kimaa tungeona. Miezi mitatu tu atawapita.

*Dada acha kutetea, hawa wanapenda ng'ombe kuliko watoto wao. Serikali ihangaike na wanaotaka shule. – Mtoto wa Pangani, naishi Ngamiani, Tanga mjini*

Eti mtoto wa Pangani! Haya, msimu ukigeuka wavuvi wenu si wanahamia dago, ile kambi yao ya muda ya uvuvi, na wake na watoto, wanakaa huko mpaka samaki waadimike? Na watoto si wanaacha madaftari wanaparua samaki na kuanika dagaa? Ronjo na dago tofauti yake ni chumvi tu. Mfugaji kumtoa mtoto mmoja shule ni hesabu, ng'ombe akifa kwa kiu leo hakuna cha kumnunulia sare kesho, na mara nyingi anawagawa, huyu shule, yule mifugo, afu huyo wa shule akimaliza la saba bila kujua kusoma barua unadhani baba atampeleka wa pili? Bahati mbaya anaebaki mara nyingi ni wa kike, na kumuozesha mwanafunzi toka 2016 ni jela miaka 30, hilo nalo wakumbushe hapo Ngamiani, maana sio huko maporini tu.