Statiki au maktaba za pamoja kwenye ruta ndogo: jibu la aliyekwama Newala

Mkuu, umeuliza kama kwenye kiruta chako cha flashi ya MB 8 programu za mfumo uzijenge statiki zote, kila moja na libc yake tumboni (libc ni maktaba ya msingi ya lugha ya C, karibu kila programu inaitegemea), au zitegemee maktaba za pamoja, yaani faili moja la msimbo linalotumiwa na programu nyingi. Mimi natumia za pamoja, isipokuwa programu moja tu. Hiyo moja nilijifunza kwa nauli yangu mwenyewe.

Kwanza nafasi, maana hapo ndipo watu wanabishana bure. BusyBox, mkusanyiko wa amri za kawaida za Linux, ni faili moja. ls (kuorodhesha), cp (kunakili), mv (kuhamisha au kubadilisha jina), hata sheli (si ile ya mafuta, ni ile inayopokea amri zako) ni linki tu zinazoelekea humo. Ukiijenga statiki, libc unailipia mara moja, basi. Wala RAM haiumii: sheli kumi zikiwa wazi, kerneli, kiini cha mfumo, inazigawia kurasa zilezile za msimbo. Gharama inaanza ukiongeza dropbear (ya SSH, kuingia kwenye ruta kwa mbali), dnsmasq (ya DNS na DHCP) na hostapd (ya Wi-Fi), kila moja na nakala yake. Na siku libc ikikutwa na tundu la usalama, zote unazijenga upya.

Sasa kisa. Niko Mtwara mjini, ruta iko kwenye ghala la korosho Newala, msimu umechanganya. Nikaingia kwa SSH kubadilisha libc. Kwa kujifanya mwangalifu, nikaanza kwa kuipa ya zamani jina jingine:

mv /lib/libc.so /lib/libc.so.zamani

Ikakubali. Nikaandika mv ya pili, ya kuweka mpya mahali pake. Jibu: haipatikani. ls? Haipatikani. Nikajua flashi imekufa. Lakini echo /bin/*, amri ya kuchapisha majina ambayo imo ndani ya sheli yenyewe, ikanionyesha kila kitu kipo. Kilichokosekana si mv, ni kipakiaji chake, yaani kile kinachoipakia programu na maktaba zake inapoanzishwa. Kwenye musl, aina ya libc iliyo kwenye ruta hiyo, kipakiaji na libc ni faili lilelile, na mimi ndiye niliyetoka kulibadilisha jina.

Nikahangaika mpaka mtandao ukakatika. Kurudi ndani haiwezekani, maana sheli mpya nayo inataka libc. Alfajiri nikapanda gari, kebo ya siriali, ya kuingia kwenye ruta bila mtandao, kwenye begi.

Kinachoniuma hadi leo: libc ya musl unaweza kuiendesha moja kwa moja. Mstari huu ungeniokoa:

/lib/libc.so.zamani /bin/busybox mv /lib/libc.so.zamani /lib/libc.so

Siku ile sikuujua.

Tangu hapo kila ruta ninayofunga ina BusyBox ya pili, statiki, kwenye saraka ya /rescue. Jina nimeazima mifumo ya FreeBSD na NetBSD, wao wanayo kwa kazi hiyohiyo. Ila ijenge kwa musl, usitumie glibc, libc ya kawaida ya Linux za kompyuta: glibc hata ukiifunga statiki, kutafuta majina ya mtandao bado kunaweza kudai maktaba zake za pamoja programu inapoendeshwa, na hapo umerudi palepale.