Gari-nyumba la zamani halina bei sokoni: tulivyouza letu hapa Lubumbashi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Likasi aliniandikia. Baba yake mkubwa, aliyekuwa amerudi kutoka Ubelgiji, amewaachia gari-nyumba kubwa la Kijerumani. Limekaa kwenye lupangu, yaani kiwanja cha nyumbani, tangu mwenyewe afariki, na sasa familia inataka makuta, yaani pesa. Swali lake lilikuwa fupi: "Mama, niweke bei gani?" Tangu nilipotaja kwamba letu tuliliuza wenyewe, bila komisioneri (dalali), swali hili nimelipata kwa watu mbalimbali, basi leo najibu wote kwa pamoja.

Bei hiyo hutaipata kwa kuuliza. Ukiuza RAV4 au Land Cruiser, hata muuza mkate anajua inakwenda ngapi, kwa sababu jirani aliuza yake mwezi uliopita. Gari-nyumba halina jirani. Wewe hujui bei, mnunuzi naye hajui, na yule anayesimama katikati yenu anajipangia anavyotaka. Ndiyo maana makomisioneri hulipenda sana gari la namna hiyo huku wakikuambia usoni kwamba ni zigo. Mwenye kitu adimu anatengeneza bei mwenyewe, na kabla ya bei anatafuta kazi ambayo kitu hicho kitamfanyia mtu mwingine.

Letu lilikuwa Hymer ya mwaka 1994, daraja la S, juu ya chasisi ya Mercedes-Benz 410 D. Kwa msiolijua, Hymer ni kiwanda cha Bad Waldsee, kusini mwa Ujerumani. Magari yake mengi yaliwekwa juu ya Fiat Ducato, lakini S ilikuwa ya wenye nafasi, na ilipanda Mercedes. Mume wangu alilinunua Ubelgiji, akalipakia melini hadi Dar es Salaam, kisha yeye na mtoto wetu mkubwa wakaliendesha kupitia Tunduma, wakavuka Zambia nzima, wakaingilia mpakani Kasumbalesa. Siku lilipoingia mtaani kwetu Bel-Air watoto walikimbia nyuma yake mpaka kwenye geti. Nisiwafiche, nilijisikia malkia.

Ndoto ya mume wangu ilikuwa astaafu tuzunguke nchi: mbuga ya Upemba, maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, tupande mpaka Kalemie tulale kando ya ziwa. Lakini gari la karibu mita 7, lenye mkia mrefu nyuma ya ekseli, si la njia za Kundelungu. Lofoi tulikwenda kwa jipu la kukodi. Hymer ilifika Kipushi, Likasi na Kolwezi, basi. Miaka iliyofuata ilikuwa chumba cha wageni wakati wa harusi na matanga. Magoti ya mume wangu yalipokataa kupanda kwenye kiti cha dereva, tukakubaliana liuzwe.

Hapo ndipo nilipojifunza watu. Shemeji yangu, ndugu wa damu wa mume wangu, alileta komisioneri kabla sijamaliza hata kusafisha mapazia. Yule bwana alizunguka gari, akapiga teke tairi, akasema dola 4,000, na kwamba hiyo ni huruma. Nilipokataa, mtaani kukaanza kusemwa kwamba injini imekufa, kwamba tunaliuza kwa sababu hospitali imetumaliza. Mnunuzi mmoja alinipigia simu akanihurumia! Maneno hayo yalitoka kwa nani sihitaji kusema. Mpaka leo tunasalimiana kwenye misiba tu.

Na hapa niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Sisi watu wa Lubum tunauza kwa kificho. Tunaandika ukutani kwa rangi kubwa kwamba lupangu haliuzwi, lakini linapouzwa kweli hatutaki mtu ajue, eti watasema tumeanguka. Siri hiyo ndiyo shamba la komisioneri. Ukiuza kimya, anayejua kwamba unauza ni yeye peke yake, kwa hiyo wanunuzi wote ni wake, na anawatajia bei yake juu ya yako. Mimi nilibandika karatasi kwenye kioo cha mbele, kwa Kiswahili na Kifaransa, nikaliegesha gari nje ya geti. Mwenye kucheka acheke.

Kabla ya karatasi lakini kulikuwa na kazi. Adui wa gari-nyumba ni maji. Injini yake nilikuwa sina wasiwasi nayo: dizeli ya silinda 5, lita 2.9, pampu yake ni ya chuma tupu bila kompyuta, fundi yeyote aliyekulia kwenye Mercedes za zamani anaifungua akiimba. Mwili ndio unaoua bei. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili hutafuta kila ufa kwenye madirisha, kwenye vifuniko vya dari, kwenye kona, na maji yakishaingia ukutani hukaa humo yakiozesha mbao na mazulia mpaka harufu imfikie mtu mlangoni. Nilipita kila kona ya dari kwa kidole gumba, nikibonyeza. Panapobonyea, pana maji. Nilikuta sehemu moja ukutani, juu ya kitanda cha nyuma. Tuliifungua kiangazi, tukaiacha ikauke kabisa, fundi akabadilisha mpira na gundi. Picha za kabla na baada nilizihifadhi kwenye simu, na nilimwonyesha kila aliyekuja, hata ambaye hakuuliza. Anayeona umefungua ukuta wako mwenyewe haji tena na bisibisi.

Tairi pia. Gari linalokaa muda mrefu huzeesha tairi kabla ya kuzila. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: mbili ni wiki, mbili ni mwaka. Ukiona 2318, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kashata, yale meno ya tairi, zinaweza kuonekana mpya kabisa na tairi likapasuka hapo Kasumbalesa. Zilizokuwa zimezeeka nilibadilisha. Ningeziacha, kila mnunuzi angekata bei kwa kisingizio hicho hicho.

Halafu friji. Friji za magari haya hazina kompresa, hupoza kwa kupashwa moto, iwe kwa gesi, kwa umeme wa nyumbani au kwa batri. Zinachukua saa nyingi kupata baridi na zinataka gari lisimame sawasawa. Ukiiwasha mteja akiwa mlangoni, itakuaibisha na atasema imekufa. Iwashe jana yake usiku. Mimi nilimkaribisha kila mgeni kwa maji baridi yaliyotoka humo, nikamwacha afikirie mwenyewe.

Vitabu vyote vya gari vilikuwa kwa Kijerumani. Nilimkalisha mume wangu mezani akanieleza, nami nikaandika kwenye daftari la shule, kwa Kiswahili: swichi ipi ya pampu ya maji, bomba lipi la kumwaga maji machafu, tanki la choo linatolewaje, gesi inafungwa wapi kabla ya safari. Ninaamini daftari lile liliongeza bei kuliko rangi.

Sasa tangazo. Wengi huandika "gari nzuri sana, ya Ulaya, haina tatizo", halafu wanashangaa anayepiga ni mtu wa vyuma chakavu. Mimi niliandika hivi: "Chumba cha watu wanne chenye jiko, choo, bafu na umeme wake, kinachojipeleka mpaka mahali pako pa kazi. Mercedes dizeli ya 1994, usukani kushoto, karte roze na hati za forodha zipo. Ukuta wa nyuma ulivuja, umetengenezwa, picha zipo. Linahitaji barabara nzuri. Dola 14,000." Karte roze ni kadi ya usajili wa gari. Usukani kushoto uandike mapema. Huku magari mengi yanayotokea upande wa Zambia yana usukani kulia, na anayetafuta wa kushoto anachoka kuuliza. Hati zetu za forodha zilikuwa na jina la OFIDA, jina la zamani la ofisi ya forodha kabla haijawa DGDA, na vijana waliziona kama za kughushi. Nilibandika maelezo pembeni. Picha tulizipiga asubuhi, gari likiwa limeoshwa, kabla vumbi jekundu halijaamka. Tangazo likaenda kwenye makundi ya WhatsApp, kuanzia la kwaya mpaka la watu wa migodi.

Mnunuzi alitoka kwa hao wa migodi, si kwa watalii niliokuwa nikiwawaza. Bwana mmoja mwenye mitambo ya kuchimba visima alikuwa amechoka kulala kwenye hema upande wa Fungurume. Alikuja jioni ya Julai, ile baridi yetu, na umeme wa mtaa ulikuwa umekatika. Ndani ya gari taa ziliwaka kwa batri, hita ikafanya kazi. Akavua koti. Shemeji naye alitokea, sijui nani alimwambia, akaanza kueleza hali ya injini. Yule bwana akamwomba anyamaze ili aisikilize mwenyewe. Injini iwashwe ikiwa baridi, kumbukeni. Ukiwa umeipasha moto kabla mgeni hajafika, mjuzi ataweka mkono kwenye boneti na ataondoka.

Tuliafikiana 12,500. Nilishuka, ndiyo, lakini nilishuka kwa mtu aliyejua anachonunua. Malipo tulifanyia benki, siyo lupanguni. Dola iliyochanika kidogo au iliyoandikwa kalamu hapa kwetu hakuna anayeipokea, na mashine ya benki inakagua noti wakati mnunuzi bado yupo mbele yako. Siku hiyo hiyo tulikwenda kwa notere, mthibitishaji wa hati, na hati ya mauzo. Usimpe mtu funguo kwa ahadi kwamba karatasi zitafuata. Ajali ikitokea kesho, jina lililo kwenye karte roze ni lako.

Shemeji alikuja kudai asilimia yake. Nilimfungulia bia moja ya Simba, tukaongea habari za mvua.

Kwa wenye magari ya namna hii: anzeni Mei, mvua ikishakatika, ili kuta zipate kukauka na mnunuzi alione gari kiangazi. Mkingoja Oktoba, joto litaishinda friji, na Novemba dari itaanza kusema yake. Msiongeze bei kwa sababu mliteseka kulileta. Mnunuzi hakuwa nanyi Tunduma. Pia acheni namba ya simu wazi baada ya kuuza. Yule bwana bado ananipigia, mara nyingi kuhusu tanki la choo, ukurasa wa tatu wa daftari.